Nasaba ya Maharage

Kariakoo, maharage huuzwa kwa macho. Mnunuzi hutia mkono guniani, akazichezesha punje kiganjani: haya ya njano, haya soya, yale ya zambarau ni kablanketi kutoka Nyanda za Juu Kusini. Muuzaji hodari hutazama ganda tu akajua kama mzigo ni wa msimu huu au ulilala ghalani. Ujuzi huo nauheshimu. Lakini ninaotaka kuusifu hapa ni mwingine, unaoanza pale ganda linapomdanganya hata muuzaji.

Rangi ya ganda hutawaliwa na jeni chache, na wakulima wameichagua vizazi kwa vizazi kwa sababu soko linaitaka. Ndani ya punje kuna faseolini, protini ya akiba inayolisha mche mchanga. Haionekani, na hakuna aliyewahi kuipandishia bei. Kwa hiyo haikupata sababu ya kusema uongo.

Fundi wa maabara humega kipande kidogo upande ulio mbali na kiini cha mche, ili punje iliyobaki iweze kupandwa. (Adabu hiyo naipenda: ushahidi unachukuliwa, shahidi anabaki hai.) Kipande husagwa, huloweshwa katika maji ya chumvi, kisha huchemshwa na aina ya sabuni inayozinyoosha protini. Matone hutiwa kwenye vishimo vya jeli, umeme ukawashwa. Protini ndogo hupenya upesi na kubwa huchelewa, kama watu wa Mtaa wa Kongo siku ya mkesha wa Idi: mtoto anapita, mwenye furushi anabaki nyuma. Halafu jeli hutiwa rangi ya bluu iliyobuniwa kwa ajili ya sufu, na mistari ikajitokeza. Jeli ikipata joto kupita kiasi, mistari hupinda. Mwenye haraka hana kazi hapa.

Jeli yenyewe ilizaliwa kwenye ufuaji wa nguo. Oliver Smithies, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Toronto, alikumbuka mama yake akitia wanga mashati ya baba yake, na jinsi wanga ule ulivyoganda ukipoa. Mwaka 1955 akachapisha njia yake ya kuchambua protini kwa jeli ya wanga. Baadaye wanga uliiachia nafasi jeli ya poliakrilamidi, na ufundi ukaenea hadi kwenye ngano na mapeasi.

Kwa maharage, mtafiti Paul Gepts na wenzake walilinganisha mistari ya faseolini, wakaonyesha mwaka 1986 kwamba zao hili lilianza kulimwa mara mbili, mbali na mbali: upande wa Meksiko, penye punje ndogo, na milima ya Andes, penye punje kubwa. Mbegu ya Lyamungo 90, kubwa na yenye madoa mekundu, ni ya ukoo wa Andes, kama yalivyo mengi tunayokula huku.

Faseolini haisemi kila kitu. Maharage mawili yenye mistari ile ile yanaweza kutofautiana ladha na muda wa kuiva jikoni, na siku hizi maabara nyingi zimehamia kwenye DNA. Ila kujua ukoo kuna faida shambani. Wazazi wa koo mbili wakichavushwa, pengine miche hudumaa ikafa. Na kuvu wa madoa-pembe ya majani naye amegawanyika kufuata koo hizo hizo, kiasi kwamba mzalishaji wa mbegu anayetaka kuyakinga maharage ya Andes mara nyingi huenda kutafuta kinga upande wa Meksiko.