Sanamu Isiyochongwa: Fikira juu ya Al-Inkishafi

Msomaji mpenzi, neno sanamu likitajwa darasani wengi wetu huona mbele ya macho yao gogo lililochongwa au jiwe lililosimamishwa, na watu wamelipigia magoti. Picha hiyo si ya uongo, ila ni fupi. Yatufanya tuamini kuwa kuabudu sanamu ni kosa la watu wa zamani, nasi tumekwisha kuokoka nalo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtungaji wa kisiwa cha Pate aliyeishi katika karne ya 18 na kuingia ya 19, hakukaa kati ya watu waliopigia magogo magoti. Mji wake ulikuwa mji wa Kiislamu, wenye misikiti, masharifu na wanavyuoni. Walakini alitunga utenzi mzima juu ya mioyo iliyomsahau Mungu wakati ndimi zilipokuwa zikimtaja. Utenzi huo ni Al-Inkishafi, jina la Kiarabu lenye maana ya kufunuka au kufunuliwa. Nataka tuusome pamoja, kwa kuwa naona husifiwa sana na kufahamika kidogo.

Kwanza, umbo lake. Beti zake ni zaidi ya 70, na kila ubeti una mishororo minne ya mizani kumi kumi. Mishororo mitatu ya kwanza hupatana vina, na wa nne hurudia kina kimoja tangu mwanzo wa utenzi hata mwisho. Kina hicho hurudi kama mtu abishaye hodi mlangoni na asiyekubali kuondoka. Ndivyo ilivyo hata habari yenyewe, maana mtungaji anaubishia hodi moyo wake. Hasemi na jirani wala hasemi na makafiri wa nchi ya mbali. Auambia moyo wake mwenyewe, aula­umu, aubembeleza, auuliza kwa nini hauamki. Hili ni jambo la kuangaliwa sana. Mtu akihubiri juu ya dhambi za wengine twaweza kumsikiliza huku tumekunja mikono. Akijihoji mwenyewe mbele yetu, mikono huanguka.

Kisha mtungaji aupa moyo mifano ya ulimwengu, mmoja baada ya mwingine. Ulimwengu ni bahari yenye mawimbi, na apandaye hupata hasara. Ni kisima kibovu kinacholindwa na ng'ombe mkali. Mwenye kiu hupigwa pembe kabla hajanywa. Ni vumbi linalong'aa katika mwale wa jua. Ukilishika, kiganja ni kitupu. Ni mazigazi yanayomvuta msafiri mwenye kiu, naye akifika hakuti maji ila jua. Angalia kuwa katika mifano hii hapana uchafu. Vumbi lile ni zuri kweli, na mazigazi yanafanana na maji hasa. Mtungaji hawaambii vijana kuwa dunia haipendezi. Angesema hivyo angekuwa mwongo, na vijana wangemtambua mara moja. Asema kuwa inapendeza, nayo haishikiki.

Ustadi wake mkubwa hata hivyo hauko katika mifano hiyo, bali katika nyumba. Afikapo kwa matajiri wa Pate hafanyi haraka kuwalaani. Atutia ndani, atutembeza. Taa za kioo na za shaba zinawaka mpaka usiku unafanana na mchana. Zidaka ukutani zimejaa vyombo vya kauri vya China. Vitanda vimetandikwa, mito huku na huku, na manukato yanajaza vyumba. Msomaji hupendezwa, ndipo, bila ya onyo, wenyeji wanaingia katika nyumba finyu ya kaburi. Twarudi tena katika jumba lile lile. Katika zidaka za sahani wamelala makinda ya ndege. Bundi anakoroma katikati ya nyumba, buibui na mende wamejipatia maskani, na pale palipokuwa na sauti za watu panalia nyenje. Ua umekuwa mwitu. Mlango wa nje unamtisha mtu kwa kiza na kimya. Mtungaji asema kwamba kama huamini, nenda ukaite. Hakuna atakayekujibu ila mwangwi wako.

Fikiri juu ya zidaka hizo. Hazikuvunjwa, wala hazikubadilishwa umbo. Zilijengwa kutia kitu, na mpaka sasa zinatia kitu. Mwenye nyumba ndiye aliyedhani kuwa zimejengwa kwa ajili ya sahani zake milele. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo tunapoona sanamu ya kweli ya utenzi huu. Si kauri wala si taa. Ni lile tumaini ambalo moyo hulining'iniza juu ya kauri na taa. Wana wa Israeli, kama ilivyosimuliwa katika Kutoka na pia katika Kurani, walitoka Misri wakiwa na mapambo ya dhahabu. Dhahabu ile ilipokuwa masikioni mwao ilikuwa ni pambo tu. Musa alipochelewa mlimani wakaogopa, na kwa hofu ile wakaigeuza dhahabu ndama. Dhahabu haikuzidi wala haikupungua. Kilichogeuka ni tegemeo. Kurani yamtaja mtu aliyeyafanya matamanio yake kuwa mungu wake, na Injili ya Mathayo yafundisha kuwa mtu hawezi kuwa mtumishi wa Mungu na wa mali kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kijana anayeuliza, "Je, ni dhambi kuwa na simu nzuri, nguo nzuri, cheti chenye alama za juu?" auliza swali lisilo mahali pake. Na ajiulize atakuwa nani siku kitu hicho kitakapoondoka.

Mtungaji hajitoi katika hukumu hii. Auulizapo moyo wake, "Wako wapi?", anawataja watu kwa majina yao, wakiwamo wa ukoo wake. Hawa walikuwa jamaa zake, na nyumba zile huenda alipata kuingia akiwa mtoto. Utenzi ungekuwa rahisi zaidi kama angewatukana watu asiowajua.

Lakini kusifu tu si kazi ya msomaji mwenye akili, na mimi nina madai mawili juu ya utenzi huu. La kwanza ni la haki. Taa zile nani aliziwasha? Maji ya manukato yale nani aliyateka? Pate, kama miji mingine ya pwani wakati ule, ilikuwa na watumwa, na starehe ya majumba yale ilibebwa na mabega yao. Mtungaji anahuzunika kwa sababu fahari imepita. Haulizi fahari hiyo ilitoka wapi. Manabii wa kale hawakuyatenga mambo haya mawili. Amosi aliwakemea watu waliolala juu ya vitanda vya pembe, na kwa pumzi ile ile aliwakemea kwa kumdhulumu maskini. Sanamu daima hula, na mara nyingi chakula chake ni jasho la mtu mwingine. Sijui kwa nini jicho kali kama la Sayyid Abdallah lilipita hapo bila ya kusimama.

La pili ni la usanii. Mwishoni mtungaji auonyesha moyo siku ya hukumu na majina ya mioto ya Jahanamu, moja baada ya jingine. Beti hizo zina nguvu ya kutisha. Lakini baada ya nyumba iliyokufa, kwangu mimi zinashuka. Nyumba ilituachia kazi ya kuona wenyewe. Moto hautuachii kazi, hutuamuru tuogope. Mtu anayeshikamana na Mungu kwa hofu peke yake huwa katika hatari siku hofu inapozoeleka, na hofu huzoeleka upesi. Wapo watakaosema kuwa mtungaji alifuata desturi ya mawaidha ya wakati wake, na ni kweli. Hata hivyo desturi haiwezi kutuzuia kupima ni beti zipi zinazokaa rohoni baada ya kitabu kufungwa.

Ukitaka kuona njia nyingine, soma utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Aliutunga mwaka 1858, naye ni mgonjwa, ili kumwachia binti yake wasia. Huyu pia alijua kuwa dunia yapita, tena alikuwa akiipa kwaheri. Lakini kwake nyumba ni mahali pa kuwekwa safi, pa kuheshimiana, pa kumkumbuka Mungu katika mambo madogo ya kila siku. Yako mengi katika wasia wake ambayo mabinti wa leo watayakataa, hasa juu ya utii kwa mume, na wanayo haki ya kubishana naye. Nisemalo ni kwamba Sayyid Abdallah anatufundisha kuiachilia nyumba, na Mwana Kupona anatufundisha kukaa ndani yake. Mwenye kusoma mmoja bila ya mwingine amepata nusu.

Nawe usiogope lugha yake. Utenzi umetungwa kwa lahaja ya kaskazini, ambamo njia ni ndia na maji ni mai. Baada ya kurasa chache sikio huzoea. William Hichens aliuchapisha huko London mwaka 1939, na baadaye wametokea wahariri wengine walioufasiri na kuueleza. Usome kwa sauti, polepole, ukituama kidogo baada ya mizani ya sita, mahali pa kupumua.

Na ukijaliwa kufika Pate, utaona jambo ambalo utenzi haukulisema. Mji ule ulishuka kwa ugomvi wa watawala wake na kwa vita, hasa baada ya kushindwa huko Shela karibu na mwaka 1812, na biashara yake ikahamia kwingine. Kuta zilizoanguka zipo hata leo. Lakini kati ya kuta hizo watu wamelima tumbaku, na kando yake wapo wanaoishi, wanaooa na kuzaa. Alfajiri mwadhini huadhini, na watu huamka.