Mwalimu wa Dini

Yastahiki kumshukuru mwalimu wa dini ya Kiislamu katika shule za sekondari za Kenya, ambaye, akiisha kuwafafanulia vijana aya na hadithi, huwakabili na ilimu ya mirathi: maiti kaacha mke, wazazi wawili, mwana wa kiume na wa kike, mke apewe thumni, kila mzazi sudusi, baki wagawane wana, wa kiume mara mbili ya wa kike, na kwa kuwa baki ya mafungu 24 haikubali kugawika kwao bila kuvunjika, mafungu yapandishwe hadi 72. Hufuta ubao, akaanza upya, hali mtihani wa taifa waja kwa Kiingereza. Madaftari huyasahihisha usiku. Na mtaani akifa mzee, huenda aliyekuwa akisinzia darasani ndiye aitwaye kuhakiki mafungu.