Kidole Kilichomfuta Kapteni Alex

Msomaji aliyekwisha kuitazama Who Killed Captain Alex?, filamu ya Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey wa Wakaliga, Kampala, iliyotoka mwaka 2010, hana haja ya kusimuliwa habari za Tiger Mafia, wala za Bruce U na mateke yake, wala za helikopta zinazoushambulia mji. Na ninalotaka kulijadili leo halimo katika picha hata moja ya filamu hiyo, kwani lilitendeka baada ya kazi yote kwisha, pale kompyuta ilipojaa, naye mtengenezaji, kwa shauku ya kuanza filamu nyingine, akaifuta kazi asilia ili apate nafasi. Nasema tangu hapa kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa, na udhuru wa ufukara wa vyombo, ambao mashabiki wake humtolea kila siku, hautoshi kulisitiri.

Mengine yote yalifanywa kwa ustadi: bunduki za mbao na vyuma chakavu zilizoundwa na Dauda Bisaso, kompyuta iliyounganishwa kwa vipuri vikuukuu, kitambaa cha kijani ukutani, kondomu zilizojazwa rangi nyekundu mahali pa damu, na gharama ambayo wenyewe husema haikufika dola 200.

Turudi kwenye ufutaji. Kilichokuwamo katika kompyuta ile hakikuwa filamu tu, bali filamu pamoja na viungo vyake: picha katika safu yake, maneno ya wachezaji kwa Kiganda katika safu yake, milio ya risasi mbali, muziki mbali, na kila safu ikiwezekana kupandishwa, kushushwa au kuondolewa bila kuidhuru safu jirani yake. Kilichosalia baada ya kufuta ni nakala ya DVD ambayo sauti ya VJ Emmie, mfasiri na mchagizaji, ilikwisha kumwagwa juu ya vyote hivyo, na sauti zikishachanganywa namna ile hazitengeki tena, kama ndizi na mtama vilivyokwisha kuwa rubisi. Leo hakuna nakala ya Kapteni Alex isiyo na mfasiri. Mwanafunzi wa fani hii atakaye kusikia jinsi wachezaji wale walivyotamka maneno yao, au kupima kimya kilichoachwa kabla ya risasi, hana pa kwenda.

Na lililo zito zaidi ni kwamba dawa ilikuwamo mkononi mwake. DVD ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7, na filamu ya muda wa saa moja na dakika chache huingia humo bila taabu. Tena DVD ndizo zilizokuwa bidhaa ya Nabwana, ambazo wachezaji wake walizitembeza nyumba kwa nyumba wakiwahi kuuza kabla wezi wa kazi hawajazinakili. Mtu mwenye chombo cha kuchomea diski, na diski tupu za kuuzia, hushindwaje kuchoma moja zaidi, isiyo na sauti ya mfasiri, akaiandika jina kwa kalamu na kuiweka kabatini? Diski ile isingezirudisha safu zote, lakini ingetuachia filamu yenyewe. Wako wasemao kwamba hakutazamia kazi yake ivuke mipaka ya Wakaliga. Hoja hiyo haisimami, maadamu kionjo cha filamu kiliwekwa YouTube mwezi wa Januari mwaka ule ule wa 2010, na ndicho kilichomvuta Alan Hofmanis kutoka New York hadi Wakaliga mwaka 2011. Aliyekwisha kuutangazia ulimwengu bidhaa yake hawezi kudai kwamba aliitengeneza kwa ajili ya mtaa wake peke yake.

Wasomaji wangu wanajua kwamba sina ugomvi na ufasiri. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, yule Lufufu wa mikanda ya VHS, alizisemea kwa Kiswahili sinema za ng'ambo hata watu wakaijua sauti yake kuliko nyuso za wachezaji. Lakini Lufufu alipokwisha kusema, filamu asilia ilibaki salama kwa mwenyewe, na mkanda wake hata ungeungua usingeondoka na kitu kisichopatikana tena. VJ Emmie, ambaye kazi yake ni safi, alikabidhiwa amana ambayo hakuiomba.

Kwa utunzaji wa amana, mfano wangu ni mpiga picha Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na ambaye negativu zake, katika joto na unyevu wa chumvi usio na huruma kwa filamu, zilihifadhiwa hata mwanawe Rohit akaendelea kuzichapa. Sanduku, bahasha na tarehe si vyombo vya matajiri.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu sisi wa Ngara na Biharamulo tumekwisha kulilipia. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi takriban 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24, kambi ya Benaco ikageuka mji, na picha zake ambazo ulimwengu unazijua ni za wageni kama Sebastião Salgado, waliotunza negativu zao. Uso wa wilaya yetu katika siku zile sharti tuuazime kwao. Hata sasa, kadi iliyobeba harusi ya Jumamosi hii Rulenge hufutwa ili ibebe harusi ya Jumamosi ijayo Biharamulo, na bwana harusi hubaki na flashi moja yenye muziki uliopakwa juu ya nasaha za wazee, asiweze kuwasikia tena. Mpiga picha akiulizwa hujibu kwamba kadi imejaa.

Nabwana alipoteza pia filamu yake nyingine, Tebaatusasula, umeme uliporuka nyumbani kwake na kuiunguza diski ngumu iliyoihifadhi. Kwa msiba huo simlaumu, kwani umeme wetu wa Ngara nao nimeuona ukiunguza vyombo vya watu walio waangalifu kuliko mimi. Kapteni Alex alifutwa na mwenyewe, kwa kidole chake, hali diski tupu ndizo zilizokuwa malighafi ya biashara yake.