MV Bukoba haikuzamishwa na siri

Barafiki, kila tukiongea juu ya MV Bukoba, meli ya Tanzania iliyozama Ziwa Viktoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mtu anasema: ilizamishwa kusudi, sababu Abu Ubaidah al-Banshiri, mkubwa wa Al-Qaeda, alikuwa ndani. Kweli, alikufa mule. Lakini meli ilikuwa na ruhusa ya abiria 430. Waliokufa peke yao walipita hapo. Siri gani tena?

Mimi ni mtu wa kilimo: mahindi yakinyauka, ninaangalia mizizi kwanza. Hapa Kolwezi tunapanda juu ya kamyo yenye kujaa mifuko. Ikianguka, banasema ni bulozi. Njo vile anapona yule aliyekamata makuta ya kila abiria aliyezidi.