Kumsimulia Yesu na Kumfuata

Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, hakimu na malenga, alichapisha Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Alikuwa Mkatoliki, hata hivyo sisi Walutheri tuna deni kwake. Utenzi, uliolelewa na Waislamu wa pwani, aliupandisha bara ukabeba Habari Njema. Mizani nane na vina humsaidia hata asiyejua kusoma kuishika Injili moyoni.

Lakini uzuri huo una mtego. Mwendo wa utenzi ni mmoja: ubeti huita ubeti, msikilizaji hapati nafasi ya kusimama. Injili yenyewe hutusimamisha. Katika Marko 10 yule tajiri anaitwa, anahuzunika, anaondoka. Nasi tunabaki tukiziangalia mali zetu.

Kosa hilo ni letu pia vyuoni: twampima mwanafunzi kwa aya alizokariri. Mchungaji wa ng'ombe Ugogo hakuijua njia ya maji kwa kuimbiwa. Ameipita kwa miguu.

Basi, wapendwa, tuusome utenzi huu kwa shukrani. Tukifika penye wito wa Yesu, tufunge kitabu kwanza, tujiulize tumeacha nini ili tumfuate.