Mtutu Urudi Palepale

Mpe mtu bastola ya 1911 aikague kabla hajainunua, na mara nyingi ataanza kwa kuitikisa karibu na sikio. Ikilia kama kopo lenye misumari anairudisha mezani. Ikinyamaza anaanza kuulizia bei. Kwa bastola ya kushindania shabaha, kipimo hicho kinapotosha. Kinachopiga kelele ni slaidi, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kucheza kwenye reli za fremu. Lakini vilengeo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, vimefungwa juu ya slaidi hiyohiyo. Slaidi ikipinda kidogo kushoto, vilengeo vinapinda nayo, na jicho la mpigaji linaona na kurekebisha. Asichoweza kukiona ni mtutu uliolegea ndani ya slaidi.

John Browning hakuisanifu bastola hii kwa ajili ya kutoboa karatasi za shabaha. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911 kama silaha ya vitani: chuma kitupu, uzito wa kilo 1.1 hivi, risasi nene ya .45, na nafasi ya kutosha kati ya sehemu zake ili mchanga na tope visiisimamishe. Wamarekani wakaipeleka pia kwenye mashindano, hasa kule Camp Perry, Ohio, ambako michuano ya kitaifa imefanyika tangu 1907. Mpigaji anasimama na kunyoosha mkono mmoja tu. Mashindano kamili ni risasi 270 kwa alama 2,700, theluthi ikiwa ya bastola ndogo ya .22, theluthi ya bastola ya risasi zinazowashwa katikati ya kitako, na theluthi ya .45. Mwaka 1974 mpigaji Hershel Anderson alipata 2,680. Katika risasi zote 270 alipoteza alama 20 tu.

Hesabu ya kulegea ni rahisi, na kila mwenye bastola hii angepaswa kuifanya mara moja. Mtutu una urefu wa inchi 5, yaani milimita 127. Shabaha ya kupiga polepole iko yadi 50, takriban mita 45.7. Umbali huo ni mara 360 ya urefu wa mtutu. Kwa hiyo mdomo wa mtutu ukihama milimita 0.1, unene wa karatasi ya kawaida, huku sehemu ya nyuma ikibaki mahali pake, risasi inatua milimita 36 kando. Duara la ndani kabisa lina kipenyo cha milimita 43 hivi. Risasi imeshatoka humo, na bado hatujauhesabu mkono unaotetemeka.

Kazi ya fundi, basi, ni kuhakikisha mtutu unarudi palepale kila slaidi inapofunga. Unashikwa mahali patatu: mbele na bushi, yaani pete inayouzunguka mdomo wake, juu na meno yanayoingia kwenye mifereji ya slaidi, na chini na miguu yake inayokaa juu ya pini ya kizuizi cha slaidi. Bushi ndiyo inayosifiwa sana, labda kwa sababu inaonekana kwa nje. Huwezi kuibana tu kila upande, maana mtutu huinama wakati slaidi inarudi. Fundi mzuri huacha mtutu uwe mnene mdomoni na kuupunguza nyuma ya hapo, ili bushi iukabe pale unapofunga na kuuachia mara slaidi inapoanza kurudi.

Miguu ya chini ndiyo inayomtenganisha fundi na mbabaishaji. Chini ya mtutu kuna kiungo kidogo chenye matundu mawili, ambacho kazi yake ni kuuvuta mtutu ushuke. Njia ya mkato ni kuweka kiungo kirefu zaidi ili kiusukume mtutu juu. Siku ya kwanza karatasi inapendeza. Lakini sasa mtutu umesimama juu ya kiungo badala ya kukaa kwenye miguu yake, na matundu ya kiungo yana mchezo wake. Njia ya haki ni kununua mtutu uliotengenezwa mnene kusudi, kama wa Kart au Bar-Sto, kuupaka masizi, kufunga slaidi, kufungua, kuona chuma kimegusa wapi, kupitisha tupa kidogo, kisha kurudia. Jaribio la mwisho halihitaji kifaa: slaidi ikiwa imefungwa na bastola haina kitu ndani, bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya mtutu inayoonekana kwenye dirisha la kutolea maganda. Ikididimia, kazi haijaisha.

Wenye bastola hizi wakikutana, hata hivyo, huzungumzia zaidi kukwama, na wana haki. Bastola iliyobanwa hivi ikiwa mpya hukwama ovyo mpaka ipigwe mamia ya risasi, na huchukia baridi na uchafu. Kampuni ya Colt yenyewe ilijaribu kuleta ubanaji huo kiwandani. Bushi ya toleo lao la Series 70 ilikuwa na vidole vinne vya chuma vinavyoukumbatia mtutu, na vidole hivyo vilijulikana kwa kuvunjika. Bastola yao ya shabaha, Gold Cup, ilipewa kifyatulio kipana cha kupendeza. Upana huo ukaleta uzito, na uzito ukaleta hatari ya nyundo kushuka yenyewe slaidi inapogonga mbele. Dawa ikawa kijisehemu kidogo chenye springi nyembamba kama unywele. Waulize waliowahi kuifungua Gold Cup juu ya zulia.

Halafu kuna risasi. Kwa karatasi hakuna haja ya nguvu ya vita, kwa hiyo wapigaji hutumia risasi nyepesi zenye baruti kidogo. Springi ya kawaida ya paundi 16 ni ngumu mno kwa risasi hizo. Slaidi hairudi yote na ganda linakabwa dirishani. Wengi hushuka hadi paundi 12 au chini. Ukipachika darubini ya nukta nyekundu juu ya slaidi, slaidi inakuwa nzito na polepole zaidi, na kazi ya kutafuta springi inaanza upya.

Darubini hiyo imegeuza pia hoja yangu ya mwanzo. Wako wanaoifunga kwenye fremu ili slaidi ibaki nyepesi. Hapo nukta inafuata fremu, mtutu unafuata slaidi, na ule mchezo wa reli ambao nimeudharau unahesabiwa wote kwenye karatasi. Kwa bastola ya namna hiyo, gharama ya kukaza reli ina maana. Kwa yenye vilengeo vya chuma, ningeweka pesa kwenye mtutu na bushi. Bushi ikilika hubadilishwa kwa bei ndogo, ilhali miguu ya mtutu ikilika hudai kuchomelewa na kupigwa tupa upya, au mtutu mwingine.