Bega Hutazamwa Likishuka

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mbinga tangu uchumaji wa kahawa uanze. Mzee wa makamo amesimama mbele ya ukuta wa buluu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Kijana mwenye koti jeupe anamshika mkono, anauvuta, anausukuma, inasikika "ta!", na mzee anaunyanyua mkono mpaka juu ya kichwa. Makofi, vigelegele, na namba ya simu. Kila mtu amenitumia, hata watu ambao hatujasalimiana tangu Pasaka. "Mtaalamu mwenzako huyo, umemwona?"

Nimemwona. Nimeona kiuno kilichopinda kurudi nyuma, mbavu zilizotokeza mbele, kidevu kilichoinuliwa na bega lililopanda mpaka usawa wa sikio. Mkono haukupanda, mzee ndiye aliyepinda. Tena aliyepiga video alisimama mbele, na akazima simu kabla mkono haujaanza kushuka. Sijui kama ni ujinga au ni ujanja, lakini matokeo ni yale yale: sehemu yote ya kazi inayostahili kutazamwa haimo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba watu wa kwetu si watu wa kudanganywa ovyo. Mpelekee Mmatengo kahawa ya maganda ambayo haijakauka vizuri: ataing'ata punje moja, ataitema, na bei itashuka hapo hapo. Mvuvi wa Mbamba Bay hanunui mtumbwi bila kuugonga ubavuni na kusikiliza. Ila watu hao hao wakiona mkono umeinuliwa, wanapiga makofi.

Tuanze na nguo. Bega halipimwi ndani ya shati, na anayelipima ndani ya shati hajalipima. Mwanamume avue shati. Mwanamke afunge khanga kifuani, mgongo wa juu ubaki wazi, pazia livutwe na dada yake au nesi awepo. Mtaalamu anayesema "usijisumbue mama, nyanyua tu kidogo blauzi" si kwamba ana adabu kuliko wengine. Ana uvivu.

Sasa twende kwenye lile ambalo asiyejua hulikosa kila mara, na ambalo kwa upande wangu linatosha kumpima mtu bila kuuliza cheti chake: mwenye kazi yake hukaa nyuma ya mgonjwa, na hutazama mkono ukishuka.

Mtafiti Inman na wenzake walishaeleza mwaka 1944 kwamba bega ni kazi ya ushirika. Kwa makadirio, katika kila nyuzi tatu za mkono kupanda, mbili ni za kiungo chenyewe na moja ni ya kombe, yaani mfupa bapa wa nyuma ya bega. Mkono ukifika nyuzi 180, kombe nalo limezunguka karibu 60. Kila mwanafunzi wa fiziotherapia huikariri hesabu hiyo, anaijibia mtihani, kisha anakwenda kazini na kutazama vidole vya mgonjwa vimefika wapi. Vidole havina habari yoyote. Mtu mwenye kafu iliyochoka, ile misuli inayozunguka kiungo cha bega, atafikisha vidole juu kwa kuiba: ataazima kiuno, ataazima msuli wa trapezi wa juu, atarusha mkono kwa kasi ili upite pale panapouma kabla maumivu hayajashtuka. Kupanda kunaruhusu wizi. Kushuka hakuruhusu, kwa sababu wakati wa kushuka misuli inatakiwa kuachia uzito kidogo kidogo huku ikiendelea kuubeba, na msuli dhaifu hauwezi kujifanya.

Chukua mama wa Litembo anayelima ngoro, kilimo chetu cha mashimo milimani. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, kisha ni zamu ya akina mama kuchimba udongo na kuyafukia, jembe likipanda na kushuka tangu asubuhi mpaka jua kali. Mama huyu analalamika bega la kulia halimpi usingizi. Mkalishe kwenye kigoda, akupe mgongo. "Mama, inua mikono yote miwili taratibu." Inapanda, sawa kwa sawa. Aliye mbele yake ataona uso uliotulia na ataandika kwamba hakuna tatizo. "Sasa ishushe, polepole, polepole zaidi." Kushoto kombe linateleza mbavuni bila wewe kuliona. Kulia, mkono unapokaribia usawa wa bega, ncha ya chini ya kombe inatikisika, kisha ukingo wa ndani unachomoka chini ya ngozi kiasi kwamba ungeweza kuingiza vidole nyuma yake. Mkono unadondoka ghafla nyuzi chache, mama anavuta pumzi, halafu kombe linarudi mahali pake na kila kitu kinaonekana kizuri tena. Tukio lote halichukui muda wa kupiga chafya. Serato, msuli unaolibana kombe mbavuni, imelala, kafu inafanya kazi ya wawili, na huyu amekandwa mafuta ya moto mbele ya bega msimu mzima na watu waliotazama upande usiohusika.

Mrudishe arudie, maana mara ya kwanza mgonjwa hujikaza. Mpe chupa ya maji nusu lita kila mkono. Anayetazama mara moja na kusema ameona, hajaona.

Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, tulikuwa na mwalimu aliyekuwa anatupanga nyuma ya mgonjwa na kutukataza kusema wala kugusa mpaka mgonjwa apandishe na kushusha mikono mara kadhaa. Aliyenyoosha kidole alitolewa nje. Tulimwona katili. Na kando ya Ziwa Nyasa, kusini ya Liuli, alikuwapo mzee mmoja wa mifupa, hakuwahi kusoma hata darasa moja la udaktari, aliyekuwa anampa mgonjwa kata iliyojaa maji aishushe kutoka utosini mpaka pajani bila kumwaga. Yeye alikaa nyuma, kwenye jiwe lake, anavuta tumbaku. Maji yalipomwagika alijua ni wapi, na alijua kabla hayajamwagika. Sikubaliani na nusu ya dawa alizokuwa anapaka. Lakini hao wawili, mmoja mwenye digrii na mwingine mwenye kata, walikaa upande mmoja wa mgonjwa.

Matapeli nao wana mbinu zao, na zote hutegemea kutazama mbele. Mmoja alikuwa anapima wagonjwa asubuhi ya Julai, baridi ya milima yetu mnaijua, kisha anawawekea joto, anawapima tena saa sita mchana na kuwaonyesha kwenye goniomita, kile kipimo cha nyuzi, nyuzi walizoongezewa. Jua lingefanya kazi hiyo bure. Mwingine ana kimashine cha waya: unashika chuma mkononi, kompyuta inatoa karatasi yenye ini, figo na bega kwa pamoja, na bega daima lina "sumu". Na wapo wanaokuchua mpaka upige kelele, wakiamini, na wakikuaminisha, kwamba kelele ni dalili ya uponyaji. Bega linalolia usiku baada ya kuchuliwa limepigwa tu.

Bega lililoganda lina sheria yake. Usilipime kwa kupandisha. Kiwiko kibanwe ubavuni, mkono ukunjwe, kisha uzungushwe kwenda nje. Mgonjwa akishindwa mwenyewe, mtaalamu ajaribu kumzungushia. Wakishindwa wote wawili na eksirei haina kasoro, limeganda, na aliyelipa jina hilo mwaka 1934, daktari Codman wa Boston, asingekuahidi wiki moja. Huchukua mwaka hadi mitatu, na kazi ya mtaalamu ni kupunguza maumivu, kulinda kilichobaki na kutokuwa na haraka. Hapa nina swali moja la kumpima: je, ameuliza habari za sukari? Wenye kisukari huganda mabega kuliko wengine, na wapo waliogundulika kisukari kwa sababu ya bega. Fundi asiyeuliza sukari mfute kwenye orodha.

Kuhusu kuchongwa mfupa wa juu ya bega, nawaambia wale wanaouza shamba la kahawa ili wakapasuliwe bega mjini wakati halijawahi kufanyishwa mazoezi yoyote ya maana: matokeo ya utafiti wa Uingereza yaliyochapishwa mwaka 2018 yalilinganisha wagonjwa waliochongwa mfupa na waliotobolewa na kuchunguliwa tu bila kuchongwa. Tofauti haikuwa ya kumfaa mgonjwa. Kano iliyokatika kabisa kwa ajali ni habari nyingine, wala sizungumzii hiyo.

Vigezo vingine ni vyangu na sivitolei ushahidi. Mtaalamu wa bega havai saa kazini. Kucha zake ni fupi. Chumba chenye redio iliyofunguliwa sauti ya juu si chumba cha tiba. Puli ya mbao na kamba ya katani hushinda zile za plastiki za dukani, kwa sababu kamba ya katani inakwaruza na mgonjwa analazimika kwenda taratibu. Mtaalamu aliyewahi kushika jembe au kasia hufundisha zoezi vizuri kuliko aliyekulia kwenye kochi. Na mtaalamu anayezungumza kuliko mgonjwa ana kitu anauza.

Zamani chumba cha mazoezi kilikuwa na vitu vinne: kioo, kitanda kigumu, puli, na ngazi ya vidole iliyochorwa kwa rangi ukutani. Mgonjwa alipewa ufito wa mwanzi aende nao nyumbani, na akirudi bila jasho kwenye ule mwanzi alijulikana. Zoezi la Codman la kuning'iniza mkono na kuupeperusha lilifanywa kwa kopo lililotiwa mchanga. Watu wa ziwani waliambiwa waingie majini mpaka shingoni, pale pasipo na mamba, waache mikono ielee yenyewe. Nyasa lilikuwa bwawa letu la tiba na halikuwa na kiingilio. Siku hizi vijana wanaomba mashine ya mawimbi, na ukiwatajia ziwa wanacheka.

Hata mabega yenyewe yalikuwa na nidhamu. Wazee wa kokoro, zana ya uvuvi ambayo leo ni haramu kisheria, na iwe haramu tu maana ilimaliza vifaranga vya samaki, walivuta kwa miguu. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, kamba kiunoni, wimbo ukiwapa mwendo, na baada ya muda wakabadilishana upande. Leo kijana anavuta wavu wa usipa usiku kucha kwa mikono tu, upande mmoja, mwili umekaa kwenye boti, halafu asubuhi anakuja kuniambia amerogwa.

Codman nimemtaja kwa bega, ila nampenda kwa jambo jingine. Alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa mpaka ijulikane tiba ilimfaa au haikumfaa, na majibu yawekwe hadharani. Wakubwa wa hospitali yake, Massachusetts General, hawakulipenda wazo hilo, naye akajiuzulu mwaka 1914. Kipimo chake kingefaa sana hapa. Usimwulize fundi ameinua mikono mingapi leo. Mwulize yule mama aliyemtibu msimu uliopita analima ngoro msimu huu au ameachia binti zake. Mwulize yule mvuvi analalia upande gani. Fundi mwenye majibu utamjua, maana atakutajia na walioshindikana.

Kwa bega lililotoka sina mzaha. Tangu barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay iwekwe lami, bodaboda wanashuka mlima wa njia hiyo kwa kasi isiyo na sababu, na mabega yanatoka. Mara nyingi hutoka kwa mbele, na mshipa wa fahamu unaopita pale kwapani unaweza kuumia. Kwa hiyo anayejua kazi hugusa ngozi ya nje ya mkono wa juu kabla ya kurudisha bega na baada ya kulirudisha, akiuliza "unasikia?" Asiyeuliza hatajua kama ganzi ilikuwapo au ameileta yeye. Basi msiruhusu mtu yeyote avute mkono kando ya barabara, hata akiwa na koti jeupe. Mkono ulazwe kifuani, ufungwe kwa khanga, na majeruhi afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Mbinga mjini, Litembo, Liuli au Peramiho, apigwe picha kwanza ndipo bega lirudishwe. Akishatoka hapo, aanze mazoezi mapema kadiri alivyoelekezwa, na amtafute mtu atakayemwambia avue shati na ageuke.